Honi Nyuma ya Lori la Pilipili

Soko la jumla la Istanbul lilikuwa limefurika malori asubuhi ile. Nermin, ndani ya koti lake la mvua la manjano, alikuwa amechuchumaa nyuma ya lori moja akilipiga picha. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimezama kwenye tope na majani ya kabichi.

"Dada, bomba la moshi limekupendeza kiasi hicho?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mwenye masharubu na kitambaa cha zambarau shingoni. Hakungoja jibu. Alichana boksi tupu, akalitandika kwenye tope. "Simama hapa. Viatu havina kosa."

Nermin akasimama juu ya boksi. "Napiga picha maandishi. Natafsiri maneno ya kuchekesha ya nyuma ya malori kwa Kiingereza. Kuna kitabu kinatoka London. Haya uliandika wewe?"

"Kwa mkono huu."

Herufi nyekundu zilisema: *Acha honi, ndugu yangu. Yuko anayenisubiri tangu ujana, na hajapiga kelele.*

Nermin alicheka hadi akashika ubavu. Kijana yule, Bozan, dereva wa pilipili kutoka Urfa, mbali kusini-mashariki, alimtazama akicheka, akasahau mzigo wake.

Tangu siku ile, kila alipoleta mzigo walikunywa chai kwenye kibanda cha Bibi Safiye, karibu na lango la soko. Bozan alimletea pilipili ya kwao iliyokaushwa hadi kuwa nyeusi na makomamanga aliyoyafunga kwa gazeti yasichubuke. Alipoondoka, Nermin alimwaga bilauri nzima ya maji nyuma ya lori, kama desturi ya kumuaga msafiri: aende kama maji na arudi kama maji. Njia nzima waliongea kwa simu.

"Umefika wapi, roho yangu?"

"Adana. Kuna basi nyuma linanipigia honi."

"Halijasoma maandishi?"

"Limesoma. Sasa linapiga kwa kucheka."

Kazi ya kitabu, lakini, ilimgomea. Nermin alitafsiri maneno yale kama yalivyo, na Joan, mhariri wa London, akapiga simu.

"Nermin, mpenzi, huyu dereva analalamika au anatania?"

"Anatania."

"Basi sijacheka. Anayesubiri ni nani? Mama yake? Polisi? Mtu wa huku lazima amwone huyo mtu ndipo acheke."

Jioni Nermin alimpigia Bozan. "Nisaidie, maana Waingereza wamenuna. Nani anayesubiri? Niandike mama, mke, au mchumba?"

Lori lilisikika likinguruma.

"Andika mchumba," alisema mwishowe.

"Mchumba inachekesha zaidi, kweli." Kisha sauti ya Nermin ikashuka. "Bozan. Unaye?"

Kwa kuwa hakujibu, Nermin alikata simu. Alipopigiwa tena hakupokea, siku hiyo wala zilizofuata.

Bozan alikuja na mzigo mwingine, akamngoja kibandani, kitambaa chake amekikunja mapajani. Nermin alifika na koti lake la manjano, akakaa mbali. Bibi Safiye aliwawekea chai, akazima redio, akaenda kuosha bilauri ambazo zilikuwa safi.

"Ulinichezea," alisema Nermin.

"Sikukuchezea. Siku dada yangu Medine alipoolewa, mimi nilichumbiwa wifi yake, Fehime. Binti kwa binti, nyumba mbili zikabadilishana. Nikimkataa Fehime, Medine anarudishwa kwetu, watoto wanabaki kwa baba yao."

"Na Fehime anakutaka?"

"Hajaulizwa. Ndiyo maana nakawia. Kila mwaka nasema deni la lori halijaisha."

"Kwa hiyo umemwandika nyuma ya lori, nchi nzima imcheke."

"Ninayechekwa ni mimi, Nermin."

"Na mimi uliniweka wapi?"

"Njiani. Njiani ndipo mahali pekee nilipokuwa mtu wa kwangu mwenyewe." Alisugua kitambaa. "Nilimweleza Medine habari zako. Akaniambia nivunje uchumba, yeye atavumilia. Alisema hivyo huku akimfunga mwanawe kamba za viatu."

Nermin alikuwa amekuja na maneno mengi, mengine makali, na moja la kumwomba watoroke pamoja. Akilini alimwona Medine, ambaye hakuwahi kukutana naye, ameinama kwenye viatu vidogo. Maneno yote yakaisha.

"Basi usivunje," alisema.

"Mpenzi wangu…"

"Usiniite hivyo, nitashindwa. Na usimkawize tena yule binti. Kama hakuna mlango mwingine, angalau asizeeke mlangoni."

Bozan aliinamisha kichwa. Baadaye aliuliza, "Yale maneno umeyaandikaje?"

"'Piga honi upendavyo. Hata mchumba wangu amechoka kusubiri.' Kwa Kiingereza ni fupi zaidi."

"Watacheka?"

"Joan alicheka mpaka akakohoa."

"Afadhali," alisema Bozan.

Lori lilipowaka, Bibi Safiye alimwekea Nermin bilauri ya maji mkononi, kama alivyozoea kumwona nayo. Herufi nyekundu zilikuwa zikisogea kuelekea langoni. Nermin alimwaga nusu barabarani, ile ya kwenda salama. Ile ya kurudi aliinywa mwenyewe, taratibu, mpaka tone la mwisho.