Mzee Aliyeinua Nyasi

Kuendesha baiskeli kutoka Kisumu hadi Narok, mwaka ule wa tisini na sita, lilikuwa wazo la rafiki yangu Chepyegon. Mimi nilifuata tu kama mjinga. Vilima vya Sosiot, mvua, pancha juu ya pancha... Giza likianza kuingia tulikuwa tumepita Kapkatet, tunatafuta pa kulala, na nilikuwa nimemchukia hata yeye. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi.

Kwenye kona, michai pande zote, mzee alikuwa amesimama katikati ya barabara. Koti refu. Mikono juu. Ameshika nyasi.

Chepyegon akafunga breki.

"Simama, Ombati."

"Nimsimamie mwizi?"

"Ameinua nyasi. Kwetu hiyo ni kuomba amani. Hata kama ameua ndugu yako, unamwacha."

"Hiyo ni kwenu. Mimi ni Mkisii, na nimechoka!"

Nikakanyaga pedali, nikampiga mzee teke la kifua nikipita. Akaanguka. Nyasi zikatawanyika kwenye lami.

Sikugeuka nyuma.

Halafu harufu. Damu mbichi, kama ya kichinjioni.

Halafu panga likiburutwa kwenye lami. Krrr... krrr...

Kugeuka hivi, yuko nyuma yangu! Panga likapasua kiti cha baiskeli. Nikaanguka mtaroni, nikachomoa pampu, nikamgonga kichwa. Kwa! Kwa! Mfupa ulivunjika, niliusikia. Hakutoka hata tone la damu. Akainua panga tena, na haki ya Mungu, nilijikojolea.

Chepyegon akaja mbio. Aling'oa nyasi za mtaroni, akasimama kati yetu, akaziinua juu.

"Mzee wetu, tafadhali," akanong'ona. "Mwache."

Mzee akasita. Akaziangalia zile nyasi kwa muda mrefu.

"Mimi pia nilimwinulia babu yake huyu," akasema polepole. "Hakuniacha."

Panga likashuka.

Mkono wa Chepyegon uliniangukia kifuani, vidole bado vimefumbata nyasi. Nikapiga nduru, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, barabara ilikuwa tupu.

Nilimkaza kile kigutu kwa tyubu, nikampakia kwenye keria ya baiskeli yake, nikamfunga mgongoni kwangu kwa mpira wa mizigo. Nilipanda kilima nikilia, damu yake ikinilowesha mpaka viatu, hadi hospitali ya Kapkatet. Alipona. Mkono ndio hivyo tena.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza baba kwa nini babu alitoroka kazi ya kuchuma chai huko Kericho. Baba aliinuka, akafunga mlango kwa komeo, akaninong'oneza.

"Alikukata?"

"Hapana, baba. Alimkata Chepyegon."

Baba akaketi sakafuni.

"Basi bado anakutafuta."