Funga za Mwatime

Kwa kutunza siri, pwani nzima hakuna anifikiaye. Na hii ya Mwatime niliapishwa nisiitoe, basi sogeeni karibu.

Mwatime alikuwa mpima maji wa kampuni ya Maji Tele, huko Mkunguni, mji mpya ambao hata mifereji ya majumbani ina akili. Chini ya ulimi alipandikizwa kufulineno, kidude kama punje ya mtama. Kilisikia neno lingali likipikwa kichwani; likiwa siri ya kazi, ulimi ulikufa ganzi. Ukikimbilia kalamu, vidole navyo vililala. Mwanzoni alikipenda. Majirani walipomdadisi nani kakatiwa maji, hakuhitaji hata kujizuia.

Kisha siku moja mtambo wa kupimia ukawaka mwekundu. Chujio kuu lilikuwa limetoboka, na sumu ya madini ilikuwa ikiingia kwenye mifereji ya mtaa wake mwenyewe. Sumu ya polepole, inayopenda figo za watoto.

"Chujio jipya lipo njiani," alisema meneja, Bwana Rubea. "Miezi mitatu tu. Siri ya kazi ni amana, Mwatime."

"Na wanaokunywa?"

"Wameshakunywa," alijibu, akajimiminia maji yake kutoka kwenye chupa ya dukani.

Jioni Mwatime alikwenda mbio kwa jirani yake, Bi Mwanakombo. "Bi mkubwa, haya maji ya..." Ulimi ukalala.

"Maji ya nini? Ya uzazi?" Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Hebu tutajie na baba yake!"

Basi likabaki jambo moja aliloliweza: kutokunywa. Ofisini alijaza chupa ya chai kwa yale maji ya dukani, akaja kunywa kwake peke yake, mlango umefungwa. Akikaribishwa popote, jibu lilikuwa, "Nimefunga." Jumatatu kafunga, Alhamisi kafunga, Jumanne analipa za Ramadhani.

"Mwatime keshakuwa walii!" Bi Mwanakombo alitangaza mtaani. "Bado kuota mbawa tu."

Wiki zikapita. Riziki, mjukuu wa bibi, wa miaka mitano, akawa anaamka uso umevimba. Bibi akasema ni usingizi mwingi.

Siku ya Idi Kubwa majirani wote walikusanyika uani kwa bibi. Bi Mwanakombo alileta jagi la sharubati ya ukwaju, akammiminia Mwatime bilauri kubwa kuliko zote. Mwatime alikuwa akimtazama Riziki, na kile kikombe chake cha pili. Mdomo ukajibu kwa mazoea:

"Ahsante, bi mkubwa. Nimefunga."

Kufulineno kilinyamaza. Uongo si siri ya kazi.

Bi Mwanakombo hakucheka. Aliliweka jagi chini taratibu.

"Idi hafungi mtu, Mwatime. Hata walii."

Mwatime akafumbua mdomo, ulimi ukalala. Bibi alimtazama machoni, akaitazama bilauri, akamtazama tena. Kisha akageuka, akampokonya Riziki kikombe.

Kilikuwa kitupu.