Chafya ya Nelvine

Blanketi la mtoto lilinuka ugoro.

Nyaguthii alilisogeza puani mara ya pili, maana mtu akiwa likizoni hapendi kuamini pua yake. Haikuwa harufu ya sigara wala ya moshi wa kuni. Ulikuwa ugoro mbichi uliosagwa na magadi, ule mkali unaopanda hadi machoni. Blanketi lenyewe lilikuwa limefuliwa nyumbani Kericho mjini na kuanikwa juani, na katika familia yao hakuna aliyenusa wala kutafuna chochote, ukimtoa mumewe Kinuthia, ambaye hutafuna miraa siku ya mechi na kuapa kwamba ni chingamu.

"Baba Abby, hebu nusa hii."

Kinuthia alikuwa akimfunga binti yao Abigael kofia ya kuendeshea baiskeli. Alinusa mbio mbio. "Inanuka mtoto. Mama Abby, tumekuja adventure, wewe unanusa mablanketi."

Hiyo adventure ilikuwa yake. Miaka nenda miaka rudi aliuza mabati na misumari bila kufunga duka hata Jumapili, huku majirani wakienda Mombasa na kumtumia picha za miguu yao mchangani. Mwaka huu akaapa kwamba yeye hataenda kulala mchangani. Familia yake ingeendesha baiskeli katikati ya majani chai, ingevuka mto kwa kamba, ingeoga chini ya maporomoko. Nyaguthii alimuuliza ni nani huenda mambo hayo na mtoto wa miezi minne. "Wazungu," Kinuthia akajibu, na mjadala ukafungwa.

Ndivyo walivyofika ng'ambo ya mji mdogo wa Silibwet, kwenye nyumba ya mawe ambayo kijana mmoja mkulima, Kipyegon, aliijenga kando ya shamba lake la chai ili aikodishe kwa wageni. Mbele ya nyumba, chai ilikuwa imechumwa ikalingana vizuri hadi chini mtoni. Nyuma ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Kulikuwa na kifusi cha udongo, mabaki ya nyumba ya zamani, na juu yake michai ambayo haikuguswa na mkono wa mtu kwa miaka mingi. Anayeishi Kericho anajua kwamba mchai ni mti, na kwamba ni vidole na panga tu vinavyouweka uwe kichaka. Pale ulikuwa umerudi kuwa mti, mrefu kuliko paa, umejaa maua meupe.

"Hii mbona hamchumi?" Nyaguthii alimuuliza Kipyegon siku waliyofika.

"Hiyo tuliacha, madam." Kijana alitazama viatu vyake. "Watoto wasiende huko, tafadhali." Kisha akaanza kueleza habari za kamba ya mtoni, haraka haraka, na Kinuthia akamkatiza kwa maswali mengi, na hakuna aliyeuliza tena habari za ile michai.

Mchana huo mvua ya mawe ilinyesha, kama inavyonyesha huko kila mara mtu akiwa na mipango. Baiskeli zikarudishwa, familia ikajifungia ndani. Mtoto alikuwa na mafua kidogo. Kinuthia, ambaye hajui kukaa bure, alimpakata na kutangaza mchezo.

"Leo tutajua huyu ni nani."

Majirani zao mjini ni Wakipsigis, na Kinuthia alikuwa amehudhuria sherehe zao tele, akanywa mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, hadi masharubu yakawa meupe. Aliwahi kuona akina nyanya wakimzunguka mtoto mchanga, wakaita majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya jingine, hadi mtoto akapiga chafya. Jina lililoitikiwa kwa chafya ndilo la aliyerudi. Hayo aliyaona. Asiyoyaona ni yale yaliyofanywa kabla na baada, na majina yale yanayorukwa. Kujua nusu ya desturi ya jirani ni kubaya kuliko kutoijua kabisa, lakini nani angemwambia Kinuthia?

Akaanza kuita. Aliita majina ya wateja wake, ya mwalimu wa Abigael, ya mbwa wao. Abigael alicheka hadi akalala sakafuni. Nyaguthii naye alicheka, kisha moyo ukamchoma.

Kwao Wagikuyu, mtoto huyu alikuwa na jina tayari kabla hajazaliwa. Binti wa kwanza, Abigael, alichukua la mama yake Kinuthia. Wa pili alipaswa kuchukua la mama yake Nyaguthii, Wairimu, ambaye alikuwa ameshafariki. Lakini Wairimu alimfukuza bintiye nyumbani alipopata mimba ya kwanza, akakataa kuja harusini, akafa bila kuongea naye. Nyaguthii aliapa kwamba jina hilo halitaitwa nyumbani mwake. Akamwita mtoto Nelvine, jina la nesi mpole aliyemshika mkono akijifungua. Lilikuwa jina zuri, ila halikuwa la mtu wao yeyote.

"Dad," Abigael akasema kutoka sakafuni, "jaribu Taprandich."

Kinuthia, akicheka, akaliita. "Taprandich!"

Mtoto akapiga chafya. Haikuwa chafya ya mtoto. Ilikuwa nzito, ya kifuani, na baada yake Nelvine alitulia na kutazama pembe ya chumba kwa macho makavu.

"Hilo jina umelitoa wapi?" Nyaguthii aliuliza.

"Ni yule cucu, yule nyanya wa huko nyuma kwa miti. Aliniambia dirishani niwaambie mseme."

Mvua ya mawe ilikuwa imekoma. Katika ule ukimya wakasikia, nyuma ya ukuta, kitu kikigongwa gongwa kwenye ukucha, tok, tok, tok, kama mtu anavyogonga kikopo chake cha ugoro kabla ya kukifungua. Kinuthia alitoka nje na fimbo. Alirudi viatu vimejaa matope, akasema hakuna mtu. Hakusema tena neno adventure.

Kuanzia hapo Nelvine alikataa kunyonya. Hakulia. Nyaguthii alimpa titi, naye aligeuza uso pole pole, kwa dharau, kama mgeni aliyeletewa chai baridi. Jioni alipompangusa pua, kitambaa kilitoka na unga wa rangi ya kahawia. Alimpangusa tena, na unga ukatoka tena, na harufu ya ugoro ikajaa chumbani, ikaingia kwenye nywele zake na kwenye maziwa yaliyokuwa yakimdondoka bila mtu wa kuyanywa, na kadiri alivyofuta ndivyo mtoto alivyozidi kuwa mzito mapajani mwake, mzito hadi miguu ikamfa ganzi, hadi akashindwa kuinuka, na pembeni mwa chumba, mahali ambapo hapakuwa na kiti, mtu alikohoa kidogo na kusafisha koo, taratibu, kama mwenye nyumba anayengoja wageni waondoke. Nyaguthii aliogopa. Aliogopa hivi kwamba hakuweza hata kumwita Yesu.

Kinuthia ndiye aliyempigia simu pasta wao na kuweka spika. Pasta aliomba kwa nguvu, akakemea, akafunga, akafungua. Mwishoni akasema, "Ameni."

"Kinuthia," akauliza, "huyo mama mzee mko naye hapo ni nani?"

"Hakuna mama mzee hapa, pasta."

"Lakini nimemsikia akiitikia." Simu ikakatika, na haikushika tena mtandao.

Walijaribu kuondoka saa ile ile. Gari halikuwaka. Wakakaa ndani yake na watoto, milango imefungwa, hadi ukungu ulipoanza kuwa mweupe na Kipyegon akaja na maziwa ya asubuhi. Nyaguthii alimrukia kabla hajaweka chombo chini.

"Taprandich ni nani?"

Chombo kilimponyoka. "Nani amewaambia hilo jina?" akanong'ona. "Madam, mmeliita? Mbele ya mtoto? Na yeye akafanya nini?"

"Alipiga chafya."

Kijana alikimbia kupitia kwenye chai, maziwa yakabaki yakitiririka njiani, na baadaye akarudi na nyanya yake, au kogo kwa lugha yao, Kogo Phyllis, ambaye alikuwa mkunga wa kijiji kabla hajaokoka na bado ndiye aitwaye mtoto akikataa kutoka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye hasira. Hakusalimia. Alikataa kukanyaga kizingiti cha ile nyumba, akaketi kwenye jiwe uani, na hasira yake ilianzia kwa mjukuu.

"Nilikuambia usijenge hapa. Nilikuambia ama sikukuambia?" Kisha akamgeukia Kinuthia. "Na wewe, nani alikutuma uite majina? Wewe ni kogo wa nani?"

"Nilikuwa nacheza tu, Kogo."

"Ulikuwa unacheza." Alitema mate. "Huyo mama alikaa hapa bila mtoto, akakufa bila mtoto. Tuliita jina yake mara ya kwanza, mtoto akapiga chafya, tukafurahi. Huyo mtoto hakuota meno. Tukaita kwa mwingine. Hata yeye hakuota meno. Wazee wakasema si Taprandich anakuja. Ni kitu imevaa jina yake, nyinyi mnaita jini. Tukaacha kuita. Hiyo jina tuliacha ikufe njaa."

Nyaguthii alisikia maneno "hakuota meno" na mengine yote yakapotea. Alimbana Nelvine kifuani. Mtoto alikuwa baridi.

"Itoe," akasema. "Kogo, tafadhali. Itoe."

"Haitolewi. Jina ni nafasi. Ikiwa tupu, anayebisha ataingia. Weka mtu wenu ndani." Alimtazama. "Huyu alipewa jina ya nani wenu?"

Kinuthia akataka kujibu, Kogo akamwinulia kidole.

"Mamako yuko hai?"

"Alikufa."

"Na hukumpa."

"Alinifukuza, Kogo. Na mimba. Kwa mvua."

"Sikuuliza alifanya nini. Nauliza unataka nani alale na mtoto wako, huyo ama huyu?" Na kichwa chake kikaelekea nyuma ya nyumba, kwenye michai mirefu.

Wakaanza. Kogo alinyunyiza maziwa kwenye majani na kwenye nyayo za mtoto. Akakunja mikono. "Sisi hutumia ugoro kidogo hapa, mtoto apige chafya haraka," akasema. "Leo hapana. Mimi niliacha hiyo kitu nilipookoka, na huyu kijana hana. Chafya ije yenyewe, ndio tujue ni ya ukweli. Ita."

"Wairimu," Nyaguthii akasema bila kumtazama mtoto.

"Hiyo ni ya kuita kuku. Ita mamako."

Aliita. Aliita mara nyingi, na mtoto akamtazama tu kwa macho makavu. Kisha kitu kikavunjika ndani yake, akaacha kuita na kuanza kuongea, kwa Kigikuyu, mbele ya watu wasiojua Kigikuyu. Alimwambia mamake kwamba alimngoja siku ya harusi hadi chakula kikapoa. Alimwambia kwamba alimchukia na kwamba alimlilia, na kwamba vyote viwili havijaisha. Alimwambia njoo, maitu, njoo umshike huyu, nimekusamehe, na kama sijakusamehe nitakusamehe tukifika nyumbani, wewe njoo tu. "Wairimu!" akalia. "Wairimu wa mami!"

Mtoto akakunja uso, akapumua, akapiga chafya.

Kogo Phyllis akapiga vigelegele hadi ndege wakaruka kutoka kwenye chai. Kinuthia alipiga magoti matopeni akilia kama aliyefiwa. Kipyegon alivua kofia. Hata Abigael alirukaruka. Nelvine aligeuza kichwa, akalitafuta titi, akanyonya kwa pupa, na Nyaguthii akahisi joto likirudi kwenye ule mwili mdogo.

Ni yeye peke yake aliyekuwa na uso karibu na uso wa mtoto. Ni yeye peke yake aliyesikia harufu, kabla ya chafya, si baada yake. Ugoro mbichi, na magadi. Alitazama mikono ya Kogo, ilikuwa mitupu na yenye maziwa. Alimtazama Kipyegon, aliyekuwa mbali. Alifungua mdomo aseme, akaona furaha iliyokuwa usoni mwa mumewe, akaufunga. Alitaka iwe kweli. Mungu anajua alivyotaka.

Gari liliwaka mara moja. Kogo aliwasimamia dirishani na kuwaagiza wamwite mtoto kwa jina lake jipya kila siku, kila saa, lisikauke.

Walipofika Litein, njiani kurudi nyumbani, jua lilikuwa limetoka. Kinuthia alikuwa ameanza kuimba nyimbo za kanisani na kupanga sherehe ya jina. Abigael alisinzia, kichwa kwenye begi. Nyaguthii alimpakata mtoto mapajani, uso wake ukielekea dirishani.

"Wairimu," akamwita.

Mtoto aliendelea kutazama mashamba yanayopita.

"Wairimu wa mami. Wairimu."

Hakutikisa hata sikio. Amechoka, Nyaguthii alijiambia, jina ni geni, atalizoea. Alijiambia hivyo kwa mwendo mrefu. Kisha, bila kutaka, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino bovu, aliinama na kuachilia jina lile jingine kwa pumzi tu, chini kuliko sauti ya injini.

"Taprandich."

Mtoto aligeuka mara moja. Akamtazama usoni, akatabasamu, na ufizi wake mtupu, wa waridi, ulikuwa na vumbi la kahawia.

"Umesema nini?" Kinuthia akauliza kutoka kwenye usukani.

"Sijasema kitu," Nyaguthii akajibu, na akamfunika mtoto blanketi.