Mzee Masoud Anakwenda Wapi Alasiri?

Mzee Masoud, fundi cherahani wa Mlandege, ana maradhi ya moyo. Moyo umedhoofu, hausukumi damu vya kutosha. Akipanda ngazi, pumzi ilikuwa ikimwishia.

Mkewe, Bi Mwatum, alimlaza kitandani. Hata maji ya udhu alimpelekea pale pale. "Mgonjwa wa moyo hatingishwi," alisema.

Lakini mwezi mmoja mzee akawa na mambo! Akishasali alasiri anaoga, anavaa raba, huyo, anatoka.

"Wapi tena?"

"Nnakwenda kwa Khatib mara moja."

Anarudi na jasho, anatabasamu peke yake. Khaa! Na rafiki yake huyo Khatib mwenyewe yuko Pemba. Bi Mwatum alishikwa na wivu. Huyu keshaoa!

Siku moja alivaa buibui, akamfuata. Mzee aliingia ua wa hospitali. Msichana mmoja alikuwa akimwambia, "Vizuri, baba, inua mguu."

"Kumbe ndiye huyu!" Bi Mwatum alipiga kelele.

"Shikamoo, mama. Mimi Bashira, nafundisha wagonjwa mazoezi."

"Marahaba. Mazoezi? Unataka kumuua mume wangu?"

"Hapana, mama. Kulala kutwa kunalegeza misuli, naye anazidi kuchoka. Daktari kampima, kaona hali imetulia, ndiyo akamruhusu. Tunaanza polepole, tunazidisha kidogo kidogo. Na dawa haachi."

"Akianguka je?"

"Ndiyo maana tunamwangalia. Akitembea, lazima aweze kuzungumza. Akishindwa, apunguze mwendo. Kifua kikiuma, kizunguzungu kikimshika au pumzi ikimbana sana, aache, na msaada wa hospitali utafutwe hapo hapo. Miguu ikivimba au uzito ukipanda ghafla, asifanye mazoezi mpaka daktari amwone."

Bi Mwatum hakuridhika. Alimgeukia mumewe. "Kwa nini ulinificha?"

"Ungenikataza. Mwatum, ulinilaza mpaka nikajiona nshakufa."

Bi Mwatum alilia pale pale uani. Alimlaza kwa mapenzi, maskini.

Miezi imepita. Mzee anapanda ngazi mwenyewe, na asubuhi anashona nguo za watu. Alasiri wanatembea wote wawili. Majirani wanamcheka Bi Mwatum, ati anamlinda mzee asioe.

"Bado unanshuku?" mzee aliuliza jana.

"Nakushuku sana. Zungumza, nikusikie pumzi."

Mzee akazungumza njia nzima, mpaka Bi Mwatum akamwomba anyamaze.