Mayai Sitini na Betri Kavu

Nakutegea, nawe usiwe mvivu: akiwa peke yake, kakumbatia mzigo wake hatoi; wenzake wakimzunguka, anauachia, na taa inawaka. Nani huyo? Shika swali, jibu liko njiani.

Mama Pacha alikuwa na mayai sitini kwenye mashine ya kuangulia, yamebakiza siku mbili yaanguliwe. Asubuhi alikuta taa ya mashine imefifia. Betri ya sola ilikuwa hoi. Mayai yakipoa, vifaranga ndio basi tena.

Alimpigia simu wifi yake, fundi wa betri, kisha akamgeukia mumewe.

"Mara ya mwisho uliangalia maji ya betri lini?"

Baba Pacha akajifanya anatafuta viatu. Akatoka, akarudi na chupa ya tindikali. Alidai betri imeishiwa ukali, iongezwe.

"Kaka, weka chini hiyo chupa," wifi alisema kutoka mlangoni.

Kwanza aliagiza chupa za maji ya moto zifungwe vitambaa, ziwekwe kando ya mayai. Kisha akavaa glovu na miwani, akafungua vifuniko vya betri. Mabamba ya ndani yalikuwa yametokeza, makavu.

Alieleza kwamba betri ikichajiwa, kinachopotea ni maji. Tindikali hubaki, ikazidi kuwa kali na kutafuna mabamba.

"Maji matupu yana nguvu gani?" Baba Pacha akabisha.

"Chembe moja ya tindikali haionekani kwa macho," wifi alisema. "Imekumbatia kipande chake chenye umeme. Ikiwa peke yake, haikiachii. Chembe za maji zikiizunguka, hata tatu nne tu, inakiachia, maji yanakipokea na kupokezana. Hapo umeme unapata njia."

"Kama kaka yako," Mama Pacha alisema. "Hatoi kitu mpaka majirani wamzunguke."

Wifi alimimina maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, yakafunika mabamba tu. Jua likachaji kutwa, ndipo akaongeza hadi kwenye alama. Siku hiyo nzima Baba Pacha ndiye aliyebadilisha chupa za moto, bila kutumwa. Jioni taa ikawaka imara.

Vifaranga hamsini na mmoja walianguliwa. Baba Pacha alichora duara kwenye kalenda, kila tarehe mosi: siku ya kukagua maji. Akaokota kifaranga, akamtazama huyo badala ya mkewe.

"Tangu tuinunue betri ile," alisema, "sijawahi kufungua hata kifuniko."