Nani Atatukamulia Ng'ombe Leo?

Tik-taka, tik-taka, tik-taka.

Ndivyo inavyoongea mashine ya kukamulia, na ukizaliwa kwenye shamba la maziwa hapa Wisconsin unaisikia hata usingizini. Juu ya mlio huo simu yangu ikaanza kuita. Nilikuwa nimechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe wetu mkubwa, Duchess, mikono imelowa dawa ya kuoshea chuchu. Nikaibana simu kwa bega.

"Leif, acha kila kitu," alisema wakili wetu, Imogen. "Karani wa kaunti yenu amekubali."

"Amekubali nini?"

"Kuwapa leseni ya ndoa. Wewe na Quentin. Leo hii."

Nilisimama kwa pupa, kichwa kikagonga bomba la maziwa. Sikusikia maumivu.

Wiki nzima nilikuwa nikila hasira kama chakula. Ijumaa iliyopita jaji wa Madison alitamka kwamba jimbo haliwezi kuwakataza wanaume wawili au wanawake wawili kuoana. Mimi na Quentin tulikuwa miongoni mwa waliolishtaki jimbo. Kaunti nyingine watu walikuwa wakibusiana kwenye ngazi za mahakama, maua mikononi. Sisi tulioshtaki tulibaki tukiwatazama kwenye televisheni, kwa sababu leseni unaombea unakoishi, na karani wetu alikuwa na jibu moja tu: "Nasubiri maelekezo."

"Sasa nisikilize," Imogen akaendelea. "Jimbo limeomba ndoa hizi zisimamishwe. Amri inaweza kutoka saa yoyote. Ofisi ikifungwa jioni ya leo, Jumatatu huenda ikawa haina kazi na ninyi. Njooni wote wawili. Na msichelewe!"

Quentin alitokea nyuma ya safu ya ng'ombe, ndoo mkononi. Miaka minane iliyopita alikuja kutoka Milwaukee kutengeneza tangi letu la kupozea maziwa. Tangi likapona, mimi nikaugua. Hakuondoka tena.

"Nani huyo?"

"Imogen. Vua mabuti, tunakwenda kuoana."

Alicheka. Kisha akaniona uso, ndoo ikamponyoka. Kwa muda mfupi tulikuwa wendawazimu wawili tunaokumbatiana kwenye kinyesi cha ng'ombe. Halafu mwili wake ukapoa mikononi mwangu. Alikuwa anatazama ile safu.

"Leif, tumeshaanza kukamua."

"Waache."

"Wengine wamefungwa vikombe vya mashine, wengine maziwa yanawadondoka. Ukiwaacha hivi, kesho viwele vimevimba kama mipira."

"Quentin! Nakuambia habari ya ndoa, unaniambia habari ya viwele?"

"Hawa hawajamshtaki mtu, mpenzi. Mpigie Darrell."

Hapo ndipo penye shida yetu. Mkulima wa maziwa hana likizo. Akiwa na homa anakamua, theluji ikiziba mlango anakamua. Jirani anakuja kukukamulia kwa mambo mawili tu, ukifiwa au ukiwa na harusi, na kwa hayo mawili huombi mara mbili. Mama yangu alipofariki, Darrell Stueber wa ng'ambo ya uzio alikuwa ameshafika zizini kabla hatujakausha machozi.

Nikampigia.

"Darrell, nahitaji unikamulie. Sasa hivi."

"Yesu wangu! Nani amekufa? Mzee Orrin?"

"Baba mzima. Hakuna aliyekufa."

"Basi nani anaoa?"

"Mimi."

Nilisikia mashine yake mwenyewe ikigonga kule kwake.

"Wewe na Quentin?"

"Unadhani mimi na Duchess?"

"Usinifanyie utani, kijana. Quentin nampenda. Mwaka jana alinitengenezea tangi usiku wa Krismasi. Lakini nikija kukukamulia leo, nitakuwa nimesema kwa mikono yangu kwamba hiyo ni harusi. Na mimi sijui kama ni harusi. Siwezi kusema kitu nisichokijua."

"Jaji amesema!"

"Jaji hajawahi kunikamulia ng'ombe. Samahani, Leif."

Akakata. Nilipiga teke ndoo, ikaruka mpaka ukutani, ng'ombe wakashtuka wote.

"Nenda wewe ukawaambie wasubiri," Quentin alisema taratibu. "Mimi nitabaki nimalizie."

"Lazima tuwe wote wawili!"

"Basi itakuwa siku nyingine."

"Hakuna siku nyingine! Mimi sitakubali ufe ukiwa kibarua!"

Neno lilikuwa limeshatoka. Quentin aligeuza uso.

Mwaka juzi fahali alinivunja mbavu. Hospitalini muuguzi alimuuliza Quentin, "Wewe ni nani wake?" Nililala pale nikisubiri jibu, nasikia kila kitu, siwezi kusema kitu. Mpenzi wangu alimtazama baba yangu aliyesimama pembeni na kofia mkononi, akaona aibu ya mzee, akaamua kumsitiri. Akasema, "Mimi ni kibarua wake." Na baba akanyamaza.

Nilipopata pumzi ya kuongea, neno langu la kwanza lilikuwa, "Tunashtaki."

Tangu siku tuliposhtaki baba hakukanyaga zizi lake mwenyewe. Alihamia kile kinyumba cha ng'ambo ya barabara, akaniambia mara moja tu, wala hakupaza sauti: "Mpende umpendaye, sitakuzuia. Lakini neno ndoa nililisema na mama yako mbele ya Mungu. Msilichukue." Nikamjibu kwa moto, kama ninavyojibu kila kitu: "Hatulichukui, baba. Tunaomba nafasi ndani yake." Tangu hapo tuliongea habari za mvua tu.

Mlango wa zizi ukalia.

Baba alikuwa amesimama pale, amevaa ovaroli yake ya zamani na mabuti ya mpira. Ng'ombe wakongwe wakageuza vichwa.

"Nani anafundisha ng'ombe kucheza mpira wa ndoo humu ndani?" aliuliza.

Quentin alikwenda kuiokota ile ndoo.

"Darrell amenipigia. Anauliza kama ni kweli kuna harusi kwangu leo."

"Ukamwambiaje?" niliuliza.

"Nimemwambia avae mabuti."

Quentin alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Inuka, utalowa," baba alimwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Usinitazame hivyo. Bado sikubaliani na jaji wenu. Kura ile ya jimbo ya kukataa ndoa hizi niliipiga kwa mkono huu, na sitakudanganya leo ili ufurahi. Lakini nimekaa kwenye kile kinyumba nikikumbuka hospitali. Kibarua hakeshi kwenye kiti cha plastiki mpaka miguu ivimbe. Kibarua hamnyoi mtu ndevu kitandani. Huyu alisema uongo kwa ajili yangu, mimi nikauacha upite."

"Mzee Orrin, haikuwa..." Quentin alianza.

"Nyamaza, nikimaliza utaongea. Sijui niiiteje hii ya kwenu. Lakini nimeitazama miaka minane, siku hizi kwa dirisha, na sina jina jingine la kuipa." Akachukua vikombe vya kukamulia mkononi mwangu. "Nendeni. Na badilisheni mashati, mnanuka."

Hatukubadilisha kitu. Pikapu ilitoka uani ikirusha kokoto, na njiani tulipishana na Darrell akija mbio na gari lake, kofia imekaa upande, hatazami kushoto wala kulia kama mtu anayewahi moto.

Nje ya jengo la kaunti alisimama Bwana Gerhardt, muuza mbegu, ameshika bango: NDOA NI MUME NA MKE.

"Leif Haugen," aliniita. "Nakuombea, mwanangu."

"Niombee amri ichelewe, Bwana Gerhardt!"

Imogen alitupungia mkono kutoka mlangoni. Pembeni yake alikuwa mwanamke mzee mwenye viatu vya bustani, Bi. Thelma Ostrander, jaji mstaafu aliyejitolea kufungisha ndoa. Udongo ulikuwa bado kwenye magoti yake.

Ndani, nyuma ya dirisha, karani Bernadine Kozlowski alitutazama juu ya miwani. Utotoni alinifundisha shule ya Jumapili.

"Leif. Nilikufundisha Amri Kumi kwa mdomo huu."

"Ndiyo, Bi. Bernadine. Ukanifundisha nisiseme uongo. Nimekuja kuuacha."

Midomo yake ilicheza kidogo. "Jumapili kuna watu hawatanipa mkono kanisani. Sijui hata mimi mwenyewe nafsi yangu inasemaje. Lakini niliapa kuitumikia sheria, sikuapa kuitumikia ile ninayoipenda tu." Akavuta karatasi, akaanza kuandika. "Sasa, kwa kawaida mwenye leseni anangoja siku kadhaa ndipo afunge ndoa. Naweza kuwaondolea hizo siku mkiwa na sababu nzito."

Imogen alifungua mdomo kutoa hoja yake. Bernadine akainua kalamu kumzuia, akanusa hewa.

"Hawa wamekuja na harufu ya zizi saa za kukamua. Mimi nimezaliwa shambani. Hakuna anayetoka zizini saa hizi kwa jambo jepesi. Sababu nimeiona." Akagonga muhuri.

Pah!

Nimesikia ngurumo nyingi maishani. Hakuna iliyonitikisa hivyo.

Nilimshika Quentin mkono. "Haya, hapa hapa! Bi. Thelma, tufungishe."

"Hapana," Quentin alisema.

"Hapana nini?"

"Sheria inataka mashahidi wawili. Wangu wako zizini."

"Umechanganyikiwa? Amri inaweza kutoka tukiwa barabarani! Imogen, mwambie!"

Imogen aliitazama simu yake. "Inaweza, Quentin. Kweli kabisa. Leseni bila kiapo ni karatasi tu."

Quentin ni mtu mpole. Kwa miaka yote hiyo mimi ndiye niliyepiga kelele, yeye ndiye aliyeokota ndoo. Lakini alisimama pale mbele ya dirisha la karani, nikamwona mrefu kuliko jengo lile.

"Leif, mbele ya mzee nilijiita kibarua wako. Nataka kujiita mumeo mbele ya mzee huyo huyo. Tukichelewa, tumechelewa. Twende."

Ningeweza kubishana na jaji, na jimbo zima, na Bwana Gerhardt na bango lake. Si na hilo. Nikamtupia funguo.

"Basi endesha wewe. Mimi nitatuua."

Bi. Thelma alitufuata na gari lake dogo la kijani, Imogen pembeni yake. Njia nzima simu ilitetemeka mapajani mwangu. Ujumbe wa dada yangu Solveig: "Baba amenipigia anauliza shati lake jeupe liko wapi. NINI KINAENDELEA???" Ujumbe wa Imogen: "Mahakama ya rufaa imeanza kutoa karatasi. Sijui za nani. Kanyaga mafuta."

Quentin akakanyaga.

Tik-taka, tik-taka. Zizini baba alikuwa amevaa shati jeupe juu ya ovaroli, amefunga vifungo vibaya. Darrell alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, hakuinua uso.

"Zimeni mashine," Bi. Thelma alisema, akihema.

"Mashine haizimwi," walijibu baba na Darrell kwa pamoja.

"Basi nitapaza sauti. Quentin Dubiel!"

"Naam!"

"Unamchukua Leif Haugen kuwa mume wako, katika afya na ugonjwa?"

Quentin hakunitazama mimi. Alimtazama baba, moja kwa moja.

"Namchukua. Mimi ni mume wake."

Baba alivua kofia.

Ilipofika zamu yangu, mimi ninayejua maneno mengi, nilibaki na moja tu: "Namchukua." Nililisema kwa nguvu hadi Duchess akaruka. Bi. Thelma akatutangaza, nikambusu mume wangu mbele ya ng'ombe wote, na baba akaweka sahihi yake taratibu kama mtu anayechonga jina kwenye jiwe. Darrell alipangusa mikono kwenye suruali, akaishika kalamu, akaitazama.

"Sasa nimeshakamua," alinung'unika. "Nikikataa kuandika nitaonekana mjinga." Akaandika.

Wino ulikuwa bado mbichi simu ya Imogen ilipolia. Alisikiliza. Akaishusha.

"Amri imetoka. Kuanzia sasa hakuna leseni mpya."

"Na hii ya wanangu?" baba aliuliza.

Wanangu. Nililisikia juu ya mashine zote.

"Hiyo imeshafungwa, Mzee Orrin. Waache waje mahakamani kuifungua. Nitakuwa nawasubiri."

"Watanikuta na mimi pale," baba alisema, akavaa kofia yake.

Imogen alicheka huku analia. Solveig alikuwa amefika uani na keki ya dukani, anapiga honi kama gari la zimamoto. Baba na Quentin walirudi kumalizia safu ya mwisho, bega kwa bega, wakibishana kuhusu tangi.

Darrell alikuwa anaelekea kwenye gari lake kimyakimya. Nikamkimbilia, nikamshika mkono ulionuka maziwa ya ng'ombe wangu.

"Darrell. Binti yako ana harusi vuli hii, sivyo?"

"Mungu akipenda. Kwa nini?"

"Siku hiyo usiguse ndoo. Vaa suti yako, kacheze. Mimi na mume wangu tutakuja kukukamulia. Nakuahidi."