Makofi Kwenye Korido

Silvana aliondoka Chanji jioni, mvua imekatika muda si mrefu, mfuko wa zawadi umetulia mapajani. Haikuwa safari ya kutisha. Alikuwa anakwenda Mpui kumwona mdogo wake Bertilla, ampe vitenge viwili na sabuni za kunukia, kisha arudi kulala kwake. Vitus, jirani yake wa jumuiya, alikuwa anapeleka mbolea hukohuko kwa pikapu yake, basi lifti ikapatikana.

Silvana, mwalimu mstaafu, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka melini. Usifikirie meli za Ziwa Tanganyika, zile za magunia ya dagaa na watu waliojikunyata juu yake. Hii ilikuwa meli ya starehe. Kornel, mwanawe anayefanya kazi Dubai, alimlipia mama yake, pamoja na Faith, mke wake Kornel, wazunguke Ghuba wakila na kulala. Na tangu arudi, Silvana alikuwa na maoni. Alikuwa na maoni kuhusu chakula, kuhusu mashuka, kuhusu vikongwe vya Kizungu vinavyocheza muziki vimevaa nguo za kuogelea. Jumuiya nzima ilikuwa imeshayasikia, na baadhi ya akina mama walishaanza kukumbuka shughuli za nyumbani kila alipofungua mdomo.

Vitus alikuwa shambani siku hizo na hakuwa ameyasikia, kwa hiyo aliomba mwenyewe.

"Hebu nisimulie, Mwalimu. Ni kweli mnalala mahali, mnaamka pengine?"

"Kweli kabisa. Unalala Dubai, unaamka Maskati. Hata mtikisiko husikii."

Vitus alicheka. "Huku kwetu mtu akisafiri hivyo, wazee wanamwita aeleze."

Silvana naye alicheka, maana ukizaliwa Ufipa utani wa uchawi unauzoea kabla hujazoea uji. Gari lilikuwa linapita kwenye matope polepole. Ukungu ulishaanza kushuka juu ya mashamba ya ulezi, na baridi ikaingia kwenye sweta.

"Na kazi je? Hufanyi chochote?"

"Hufanyi. Unatoka kunywa chai, ukirudi kitanda kimetandikwa, bafu limesuguliwa. Halafu taulo... wanazikunja, Vitus. Leo unakuta bata maji amekaa kitandani. Kesho tembo, na mkonga wake. Aliyezikunja humwoni."

"Humwoni kabisa?"

Silvana alitazama nje.

"Humwoni," alisema.

Hapo aliongopa, na aliongopa kwa sauti ileile aliyokuwa akiwafundishia watoto amri za Mungu.

Gari lilipotoka kwenye matope, Vitus akasema, "Mdogo wako naye palizi imemmaliza. Kanisani haonekani siku hizi. Wanasema ni magoti."

"Nimesikia."

Alikuwa amesikia siku ileile aliyotua. Anjela, binti wa Bertilla, alimpigia simu akisema, mama mkubwa, njoo, mama ana hali siielewi. Silvana akasema anakuja kesho. Kesho yake akaalikwa mahali kusimulia safari, na keshokutwa yake vilevile. Sasa, ndani ya lile gari lililonuka mbolea, aibu ilikuwa inampanda taratibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine ambacho hakutaka kukitazama.

Siku ya kuaga, kabla ya safari, alimkuta Bertilla shambani, jembe mkononi. Bertilla alikuwa amekubali kulima na shamba la dada yake mpaka atakaporudi. Silvana alivua mtandio wake, akamvika mabegani, akasema kwa mzaha, "Haya, mdogo wangu. Nibebee uchovu wangu. Mimi nakwenda kupumzika."

Bertilla alicheka sana. Kisha akapokea kama wanavyopokea kwao. Mdogo akipewa kitu na mkubwa, au akimsalimia, hupiga magoti na kupiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo, mpaka mkubwa amwitikie kwa makofi naye. Asipoitikiwa hanyanyuki. Bertilla alipiga magoti palepale kwenye matuta, akapiga makofi yake, na Silvana akaitikia huku akicheka. Ulikuwa utani tu. Wote wawili walijua ni utani.

Walifika Mpui giza likianza kuingia. Vitus alimshusha mlangoni, akaenda kushusha mifuko nyumba ya tatu. Anjela alitoka nje kabla hajabisha hodi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Ndani." Binti alishusha sauti. "Usishtuke ukimwona."

Harufu ndiyo iliyomlaki Silvana kwanza. Ilikuwa imefunika ile ya moshi na ile ya mahindi mabichi. Harufu ya limau na dawa kali ya kusafishia, pamoja na mvuke wa nguo zilizotoka kupigwa pasi. Aliifahamu. Alikuwa ameinusa kila jioni kwa siku zote za safari yake, kwenye korido ndefu yenye zulia jekundu.

"Mmefua?" aliuliza.

"Hatujafua, mama mkubwa. Ni mikono yake. Tunaiosha, inarudi kunuka hivyo."

Chumbani taa ya sola ilikuwa imewekwa chini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kwa kubanwa pembeni, bila kunjo hata moja, kama hakuna anayekilalia. Katikati yake alikaa bata maji.

Alikuwa amekunjwa kwa kanga kuukuu. Shingo imesimama. Kando yake tembo wa gunia la mahindi, mkonga juu.

"Nani amemfundisha..." Silvana alianza, akashindwa kumaliza.

"Hakuna aliyemfundisha. Anaamka asubuhi, viko hapo. Anasema hajui."

Bertilla alikuwa upande wa pili wa kitanda. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, uso umeelekea ukutani, mtandio wa Silvana mabegani. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika. Alikuwa amesinzia.

Anjela alimvuta mama yake mkubwa karibu na mlango, akamnong'oneza. Ilianza mara tu Silvana aliposafiri. Mama akilala jioni, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Anasema ameota nyumba yenye milango mingi, na kila mlango una kitanda, na kila kitanda kinamsubiri yeye. Kisha jioni moja akalia usingizini, akashuka kitandani, akapiga magoti. Akaanza kupiga makofi.

"Alipiga mpaka asubuhi. Hakunyanyuka tena. Hospitali walimchoma sindano wakamnyoosha, akalala vizuri. Alipoamka, magoti hayohayo."

"Makofi bado anapiga?"

"Hapigi. Kesho yake mikono iligoma. Akitaka kuikutanisha, inasimama njiani. Kama kuna mtu ameishika."

Silvana aliegemea ukuta.

Maana jioni ile anaikumbuka. Walikuwa wanatoka kula, yeye na Faith na mabibi wawili waliojuana nao mezani, mabibi wa watu wenye nafasi zao. Silvana alikuwa amevaa gauni la kumetameta alilonunuliwa na mkwe. Mbele yao kwenye korido mfanyakazi mwenye sare ya kijivu alikuwa anasukuma toroli la taulo. Alipowaona alisogea ukutani awapishe. Akainamisha kichwa. Akapiga magoti juu ya lile zulia.

Pa... pa... pa.

Polepole. Viganja vimekunjwa kidogo.

Kwenye kisigino chake kulikuwa na kovu la jembe. Silvana ndiye aliyelifunga jeraha lile kwa majani, wakiwa watoto.

"Mama, unamfahamu huyu?" Faith aliuliza, akicheka kidogo.

Mabibi wale walikuwa wanatazama. Wanatazama gauni, wanatazama sare. Ingetosha Silvana apige makofi mara mbili tu.

"Simfahamu," alisema.

Akaingia chumbani kwake, akatundika mlangoni kile kikadi cha kuomba usisumbuliwe. Nyuma ya mlango makofi yaliendelea. Aliongeza sauti ya televisheni. Yaliendelea. Alijiambia ni uzee, ni vyakula vya ajabu, ni ndoto. Asubuhi alipopita mapokezi, kijana mwenye tai alimuuliza kwa adabu kama ana maoni yoyote kuhusu huduma zao. Na Silvana, ambaye hajawahi kukosa maoni, alisema kila kitu ni kizuri, isipokuwa kuna mfanyakazi anayewapigia watu kelele kwenye korido kwa mikono yake.

Kijana aliomba radhi. Mchana alimfuata mezani na sahani ya matunda.

"Tumelishughulikia, mama," alisema. "Mikono yake haitakusumbua tena."

Jioni ile hapakuwa na makofi. Silvana alilala, na alilala vizuri, na hilo ndilo lililomchoma sasa kuliko yote. Alilala kama mtoto.

"Mama mkubwa? Unanisikia?"

"Niache naye kidogo."

Alizunguka kitanda. Bertilla alifumbua macho, akamwona, na uso wake ukafunguka kwa furaha tupu, isiyo na lawama ndani yake. Silvana angependa kupigwa kofi kuliko kutazamwa vile.

"Dada. Umerudi? Pole na safari."

"Nimerudi."

"Ulipumzika?"

Silvana alisimama wima mbele ya mdogo wake, kama mkubwa anavyosimama, akakunja viganja. Mikono ilikuwa ya baridi. Akaitikia.

Pa... pa.

Mahali fulani ndani ya magoti ya Bertilla kulisikika mlio, kama ukuni mbichi unaovunjwa. Alivuta pumzi ndefu. Akashika ukingo wa kitanda. Akanyanyua goti moja, kisha la pili, akasimama, miguu inatikisika, machozi yanamtoka. Anjela alikuwa amerudi mlangoni. Alifunika mdomo kwa kanga, akalia pale aliposimama.

Na hapo ingefaa iishie.

Lakini Silvana alimwona mdogo wake amesimama, mwembamba, mikono inanuka kazi isiyo yake, na moyo ukamshinda. Hakufikiri. Mkubwa hampigii mdogo magoti. Kwao halijawahi kuonekana, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Silvana alianguka chini. Magoti yote mawili. Akapiga makofi kama wanavyopiga wadogo, kichwa kimeinama.

"Nisamehe, Bertilla. Nilikufahamu. Nilikuona nikakukana."

"Najua ulinifahamu, dada. Ulitazama kisigino."

"Nikaenda kukusemea."

Hilo Bertilla hakulijua. Alitazama viganja vyake mwenyewe, mvua ikianza tena juu ya bati.

"Yameisha," Bertilla alisema mwishoni. "Wewe ni dada yangu. Inuka."

Silvana alijaribu kuinuka.

Magoti hayakusikia.

Alijaribu tena. Aliweka kiganja sakafuni, akajisukuma kwa nguvu zote. Sakafu ya udongo ilikuwa imepoa, lakini chini ya magoti yake alihisi kitu laini, chenye manyoya mafupi, kama zulia. Harufu ya limau ikazidi.

"Bertilla," alinong'ona. "Niitikie."

"Eeh, ngoja. Ngoja nikuitikie."

Bertilla alikunja viganja. Akavileta mbele ya kifua. Vikasogea, vikakaribiana, vikabaki nafasi ya kidole kimoja... vikasimama. Mishipa ya mikono ilimvimba. Alisukuma kama anayefunga mlango ulioshikiliwa na mtu upande wa pili.

"Siwezi, dada. Inashikwa."

Anjela alikimbilia pale, akapiga makofi kwa niaba ya mama yake. Vitus, aliyekuwa amekuja kumchukua abiria wake na kukuta kilio, alipiga naye pale mlangoni, bila kujua anapiga kwa ajili ya nini. Chumba kizima kilijaa makofi. Silvana hakunyanyuka. Aliyepigiwa magoti alikuwa mmoja, na ndiye peke yake anayeweza kuitikia.

Bertilla hakuwa na kinyongo hata kidogo. Silvana aliliona hilo wazi usoni mwake, na akatamani kinyongo kingekuwepo, maana kingeisha siku moja.

"Subiri, dada," Bertilla alisema, jasho likimtiririka. "Subiri kidogo. Nakuitikia sasa hivi."

Akavuta pumzi, akakunja viganja, akajaribu tena.